Paipu za Oili ya Giaboksi Pwani ya Kusini: Kuongeza, Kuunga au Kubadilisha?

Mwenye gari la otomatiki akiona doa jekundu chini ya gari lake pale Ukunda, hakosi washauri. Fundi mmoja humwambia akate kipande kilichooza aweke mpira. Mwingine humtuma Mombasa akatafute paipu ya gari lililokatwa. Yuko wa kumshauri aachane kabisa na rejeta, afunge kipoza kingine mbele ya gari, na dereva mwenziwe humwambia aongeze oili tu aendelee na kazi. Kila mmoja ana sababu yake, na kila mmoja ameshaona gari lililopona kwa njia anayoisifu. Ndiyo maana wenye magari wengi wa Kwale, kuanzia Tiwi hadi Lunga Lunga, hubaki wameduwaa, hatimaye wakachagua njia ya bei nafuu bila kujua wamenunua nini.

Uchambuzi huu unazipima njia hizo moja moja, kwa kuangalia mazingira ya hapa na si yale ya kitabu cha kiwandani.

Magari yenyewe na kazi ya paipu

Malori mengi ya mchanga na mawe yanayopanda na kushuka kati ya Kinango na Likoni ni ya gia za mkono, na mjadala huu hauyahusu. Unayahusu magari ya kazi ya otomatiki: Hilux Surf, Prado, Land Cruiser, baadhi ya pikapu za kabini mbili na vani za watalii. Mengi yaliingia nchini yakiwa yameshatumika Japani. Kiwango cha KEBS cha KS 1515 hakiruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo mengi hushuka bandarini yakiwa yamekaribia umri huo, kisha yakakaa barabarani miaka mingi mingine. Hilux Surf ya mwaka 1996 inayobeba mizigo Msambweni leo ina paipu za karibu miaka 30, kama hazijawahi kubadilishwa.

Katika gari la namna hii, nguvu ya injini haipiti kwenye klachi ya kukanyaga. Hupita kwenye oili, ndani ya tokikonvata, na oili hiyo ikizungushwa kwa kasi huzaa joto jingi. Pampu iliyo mbele ya giaboksi huisukuma oili moto kwa paipu ya chuma hadi kwenye kipoza kidogo kilichofichwa ndani ya tangi la rejeta, na oili ikishapoa hurudi kwa paipu ya pili. Paipu hizo si nene kuliko kidole, zimeshikiliwa na vibano ubavuni mwa injini, na zikifika karibu na rejeta huungwa kwa vipande vifupi vya mpira, kwa sababu injini hutikisika ilhali rejeta imefungwa imara kwenye bodi.

Oili hii hufanya kazi vyema ikiwa kati ya nyuzi joto 80 na 95 za Selsiasi. Mafundi wa giaboksi duniani wana kanuni yao ya kukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya hapo hukata umri wa oili kwa nusu. Paipu inapovuja, basi, mambo mawili hupotea kwa pamoja. Kwanza ni kiasi cha oili. Pili ni uwezo wa kuipoza ile iliyobaki, kwani oili kidogo huzunguka mara nyingi zaidi na kupata moto zaidi. Ikipungua sana, pampu huvuta hewa, oili hugeuka povu, sahani za klachi za ndani huteleza na kuungua. Gari linaweza kutoka Gazi likiwa zima, na likifika Ramisi likawa halitaki kwenda.

Kwa nini zinaoza upesi huku

Sababu ya kwanza ni chumvi. Barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga, kwa sehemu kubwa, haiendi mbali na bahari, na ile ya ufukweni Diani iko karibu zaidi. Upepo wa kusi husukuma mvuke wa chumvi hadi chini ya magari yaliyoegeshwa. Nchi za baridi zina tatizo hilihili kwa njia nyingine: barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, na paipu za chuma huoza vivyo hivyo. Hili lina maana kwetu pia, kwa sababu baadhi ya magari ya Japani yalishaendeshwa kwenye maeneo ya theluji kabla ya kupakiwa melini. Kutu nyingine huja na gari.

Hewa pekee isingefanya madhara makubwa hivi. Yanayozidisha ni matumizi. Pikapu ya samaki inayotoka Shimoni au Vanga hudondosha maji ya barafu yenye chumvi njia nzima, na maji hayo hukimbilia kwenye chesisi. Gari linalovuta mashua huingia majini. Gari jingine huoshwa kila wiki kwa maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe karibu na pwani, maji ambayo aghalabu yana magadi na chumvi. Mwenyewe huona gari linang'aa, kumbe chini limeongezewa chumvi.

Mahali pa kutazama kwanza ni chini ya vibano. Kibano hushika mchanga na unyevu, rangi ya paipu husuguliwa ikaisha, na kutu hula pale ambapo jicho halifiki. Paipu inayoonekana nzima kote inaweza kuwa imebaki ganda jembamba chini ya kibano kimoja.

Sababu ya pili ni joto. Kupanda kutoka Kombani hadi mji wa Kwale, ulioko kwenye nyanda za Shimba Hills, huilazimisha tokikonvata kufanya kazi kwa muda mrefu, hasa gari likiwa na mzigo. Foleni ya feri ya Likoni ni mtihani wa namna nyingine: gari limesimama, injini inanguruma, AC imewashwa, na hakuna upepo wa mwendo wa kupoza kitu. Barabara ya Dongo Kundu imewapunguzia wengi adha hiyo, lakini si wote. Joto hili haliozeshi chuma. Hukausha vipande vya mpira vikawa vigumu na kupasuka.

Sababu ya tatu haisemwi sana, nayo ni maji ya kawaida ndani ya rejeta. Dereva anayejaza maji ya mfereji au ya kisima badala ya kulanti huozesha kipoza kutokea ndani. Kipoza kikitoboka, oili na maji huchanganyika na kuwa kama maziwa ya rangi ya waridi, na hapo gari limeingia kwenye ugonjwa mkubwa kuliko wa paipu, kwa kuwa maji huharibu gundi inayoshika vitambaa vya klachi za giaboksi.

Kabla ya kukata chochote: ni nini hasa kinachovuja?

Gharama nyingi za bure huanzia hapa. Katika Toyota nyingi kuna vitu vyekundu vitatu: oili ya giaboksi, oili ya usukani, ambayo mara nyingi ni ileile ya giaboksi, na kulanti nyekundu ya kiwandani. Kulanti hunata kidogo, ina harufu tamu na huchanganyika na maji. Oili huelea juu ya maji na huteleza vidoleni. Oili ya usukani hutambulika kwa kutazama kopo lake kama limepungua.

Ikithibitika ni ya giaboksi, bado haijulikani kama ni paipu. Sili ya mbele, sili ya nyuma na gasketi ya sampu nazo huvuja. Alama moja husaidia sana: oili hupita kwenye paipu pale tu pampu inapozunguka, yaani injini ikiwa imewashwa. Uvujaji unaoongezeka injini ikinguruma na kunyamaza ikizimwa huelekeza kwenye paipu. Unaoonekana zaidi gari likilala usiku kucha huelekeza kwenye sampu au sili, kwani oili ya tokikonvata hushuka na kupandisha kimo ndani ya giaboksi. Tena upepo wa mwendo huisukuma oili nyuma, kwa hivyo tundu huwa mbele ya mahali palipolowa. Fundi makini huosha sehemu yote, huikausha, huwasha injini na kutazama kwa tochi. Kazi hii haihitaji kifaa cha bei, na fundi anayeiruka hastahili kupewa msumeno.

Hoja ya "ongeza oili, endelea"

Nguvu yake ni kwamba inakuokoa leo. Gari linalotoa tone moja moja kwenye kiungo cha mpira linaweza kufika Diani kutoka Msambweni bila madhara, dipstiki ikipimwa vizuri: kwenye Toyota nyingi za zamani, injini ikiwa moto na imewashwa, gia ikiwa P.

Udhaifu wake ni kwamba chuma kilichooza hakitoi onyo. Tundu la sindano linaweza kupasuka likawa mfereji mara moja, kwani shinikizo hupanda hasa asubuhi oili ikiwa baridi na nzito. Na oili ikirukia egzosi iliyopata moto, inaweza kuwaka. Dawa za chupa za kuzuia uvujaji huwekwa fungu hilihili. Zinalainisha na kuvimbisha sili za mpira zilizokauka, lakini tundu la chuma haziwezi kuliziba.

Kuna hasara nyingine asiyoilipa dereva. Ardhi ya ukanda wa ufukweni ni matumbawe yenye matundu, na maji ya visima yako chini yake. Oili inayomwagika uani haikai juu.

Hoja ya kukata na kuunga mpira

Hii ndiyo njia inayotumika zaidi, na ndiyo inayohitaji kuchambuliwa bila haraka, kwa sababu huweza kuwa nzuri sana au mbaya sana kwa tofauti ndogo.

Watetezi wake husema kwamba hata kiwanda chenyewe kiliunga mpira karibu na rejeta, hivyo mpira si dhambi. Ni kweli. Shinikizo la paipu hizi ni dogo likilinganishwa na la breki, na mpira unaofaa, uliofungwa sawasawa, hukaa miaka.

Tatizo ni kwamba mpira unaofaa ndio usiopatikana kwenye rafu ya karibu. Kilichopo ni mpira wa petroli au wa hita. Wa hita umetengenezewa maji, na oili huuvimbisha na kuulegeza hadi uteleze kutoka kwenye paipu. Wa petroli huvumilia mafuta, lakini joto la oili ya giaboksi huukausha na kuupasua. Unaotakiwa ni ule uliotengenezewa kipoza cha giaboksi, ambao huandikwa SAE J1532 ubavuni. Mwenye gari na ausome mwenyewe kabla haujafungwa.

Kisha kuna ncha ya paipu. Paipu ya kiwandani ina tuta dogo mwishoni, na tuta hilo ndilo linalozuia mpira kuchomoka. Iliyokatwa kwa msumeno haina tuta, hivyo klipu hushika chuma laini chenye oili. Fundi mzuri hutengeneza tuta jipya kwa kifaa cha kupanulia paipu. Msumeno nao huacha vumbi la chuma ndani, na vumbi hilo likiwa kwenye paipu ya kurudi huenda moja kwa moja ndani ya giaboksi. Kifaa cha kukatia kwa kuzungusha ni salama zaidi, na paipu lazima isafishwe na kupulizwa kabla ya kuungwa.

Hata haya yote yakifanywa, swali moja hubaki: kipande kilichobaki ni kizima? Paipu iliyotoboka kwa sababu ya kusuguliwa na kibano kimoja inaweza kuungwa kwa amani. Iliyotoboka kwa kutu ya urefu mzima itatoboka tena, na mwenye gari atakuwa amelipa mara mbili, pengine na kumwaga oili mara mbili.

Kuchomelea, na shaba ya AC

Kuchomelea kwa gesi na brasi kunawezekana paipu ikishatolewa garini, ikaoshwa na ikiwa chuma chake bado ni kinene. Kwenye chuma kilicholiwa, moto huongeza tundu badala ya kuliziba, na oili iliyobaki ndani huungua na kuacha magamba ya masizi. Kuchomelea paipu ikiwa bado imefungwa kwenye gari, karibu na oili na mipira ya petroli, ni hatari isiyo na sababu.

Shaba ina mvuto wake hapa. Diani ni mji wa mahoteli, na mafundi wa AC na friji wana koili za shaba, wana vifaa vya kukunja na kupanua ncha, na mikono yao ni safi. Shaba pia haili kutu kama chuma. Kasoro yake ni mtikisiko: shaba tupu ikitikiswa muda mrefu huwa ngumu na hupasuka, hasa kwenye kona na penye nati. Kwenye AC ya ukutani haipati taabu hiyo. Kwenye injini ya dizeli inayopita barabara za murram za Kinango, huipata kila dakika. Kinachofaa ni aloi ya shaba na nikeli, ambayo Volvo ya Uswidi ilianza kuitumia kwenye paipu za breki katika miaka ya 1970 kwa sababu ya chumvi hiyohiyo ya barabarani. Inakunjika kwa mkono na inastahimili chumvi. Ila saizi nyembamba ya breki haitoshi, lazima iwe na upana wa ndani sawa na wa paipu ya zamani, na aghalabu itabidi kuagizwa.

Kubadilisha paipu nzima

Paipu mpya ya kiwandani hukaa bila kubishana na kitu. Hasara yake ni bei na kusubiri, na kwa modeli za zamani baadhi ya spea hazitengenezwi tena. Gari la kazi likisimama wiki mbili, mwenyewe hupoteza zaidi ya bei ya paipu, na fundi anayeipuuza hasara hiyo hamshauri mteja wake kwa haki.

Paipu ya gari lililokatwa ni nafuu na umbo lake ni lilelile. Lakini ina umri ule ule, na huenda ina kutu ile ile. Inunuliwe baada ya kuondoa vibano na kutazama chini yake, kukwaruza kwa brashi ya chuma na kuipuliza upande hadi upande. Muuzaji asiyekubali ukaguzi huo aachwe.

Njia ya tatu haipewi nafasi inayostahili: kupeleka paipu ya zamani kwa watengenezaji wa mipira ya haidroliki, wakaubana mpira mpya kwenye ncha za chuma kwa mashine. Mipira hiyo si kitu kigeni Kwale, kwani matrekta ya mashamba ya miwa ya Ramisi na makatapila ya machimbo huitumia. Haina klipu ya kulegea, haili kutu isipokuwa kwenye ncha, na hupatikana kwa siku moja Mombasa. Masharti yake ni mawili: iwe ya kustahimili joto la oili, kwa kuwa nyingi za kawaida hukomea nyuzi 100 hivi, na ipitishwe mbali na egzosi, ikafungwa vizuri isisuguane na kitu.

Kipoza cha nje: ukweli na chumvi iliyoongezwa

Wanaosema rejeta iachwe wana hoja yenye uzito. Oili na maji vikitengana, hakuna siku vitakapochanganyika. Nchini Marekani, Nissan Pathfinder na magari ndugu zake ya 2005 hadi 2010 yalipata sifa mbaya kwa tatizo hilohilo la kipoza cha ndani kupasuka na giaboksi kufa. Hoja ya upande wa pili, kwamba rejeta husaidia kuipasha oili moto asubuhi, ina maana kwenye theluji. Huku Pwani hoja hiyo haina uzito.

Lakini kipoza cha nje hutegemea upepo. Kwenye foleni ya feri hakuna upepo ila wa feni, ilhali cha ndani ya rejeta kimezungukwa na maji yanayobeba joto kuliko hewa. Kipoza cha nje pia huongeza viungo na urefu wa mpira, yaani mahali papya pa kuvuja, na kikifungwa kwa nyuzi za plastiki zinazopenya rejeta, hutikisika hadi kuitoboa. Njia bora kwa gari la mzigo ni kuviweka vyote viwili: oili ipite kwanza kwenye rejeta, kisha kipoza cha nje, ndipo irudi. Cha ndani kiachwe tu pale kinaposhukiwa kuwa kimeoza, na hapo cha nje kiwe kikubwa na chenye feni ya kukifikia.

Kuunganisha paipu mbili pamoja bila kipoza chochote hakuna mtetezi anayestahili kusikilizwa. Kunaweza kulifikisha gari gereji taratibu. Hakuwezi kulirudisha kazini.

Mizani

Njia hizi zote hazishindani kwa ubora tu, zinajibu maswali tofauti. Ikiwa kinachovuja ni mpira mfupi wa karibu na rejeta, badilisha mipira ya paipu zote mbili pamoja na klipu zake, na kazi imekwisha. Kununua paipu nzima ni kutupa pesa. Ikiwa ni tundu la msuguano kwenye chuma kizima, kuunga kwa mpira sahihi kunatosha, ncha zikiwekewa tuta. Ikiwa ni kutu, na kwa gari lililokaa Pwani ya Kusini mara nyingi ni kutu, kuunga ni kuahirisha. Paipu zote mbili zitoke, kwa kuwa zimelala mahali pamoja na zimekula chumvi sawa. Hapo, baina ya mpira wa haidroliki na paipu ya gari lililokatwa, mpira wa haidroliki ndio unaostahili kupewa nafasi ya kwanza huku kwetu.

Gari likikatikiwa na paipu njiani, lizimwe hapo hapo. Lisivutwe magurudumu yanayoendesha yakiwa chini, kwa sababu injini ikizimwa pampu hailainishi giaboksi. Shafti ifunguliwe au gari lipandishwe kwenye lori. Baada ya matengenezo, oili iwe ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari: Dexron, Toyota T-IV na WS si kitu kimoja, hata kama zote ni nyekundu. Na anayeosha gari kwa maji ya kisima cha pwani amalizie chini yake kwa maji matamu, hasa penye vibano.